Burudani ya Wageni

Nilimwambia bosi kwamba ndiyo, kwetu Magharibi watu hucheza disko matangani, sikatai, lakini hiyo haikuwa sababu ya kuwatoa kina mama matangani waje kuwachezea wageni wa ofisi. Alikuwa ameegemea kiti chake, feni ameielekeza usoni kwake peke yake, na alikuwa ananicheka.

"Nyinyi watu wa Kakamega," alisema, "mtu akifa mnaleta spika, mnaruka mpaka vumbi linaingia kwenye chakula. Isukuti inapigwa, ng'ombe analiwa. Leo unasimama hapa kunifundisha ati watu wenye msiba hawachezi? Kwani umeokoka lini?"

"Kwetu tunamchezea maiti wetu," nikamwambia. "Hakuna gari linatumwa kutuchukua. Hakuna mtu anatupangia saa, na hakuna mgeni anawekewa kiti kutuangalia."

"Sawa. Na hapa maiti iko wapi?"

Hapo alinishika, kwa sababu maiti haikuwepo. Mtoto wa kiume wa mama mmoja, kiongozi wa wale kina mama ambao bosi aliwataka, alikuwa ameuawa ng'ambo ya mpaka, huko kwao Sudan Kusini, alikorudi kujenga baada ya nchi yao kupata uhuru. Wezi wa ng'ombe walivamia kijiji. Aliyepiga simu alisema walimzika hapo hapo walipomkuta, wakakimbia. Mama alikuwa huku Kakuma, kambini, na alichopata ni ile simu tu.

"Hakuna jeneza, hakuna kaburi, hakuna mwili," bosi aliendelea. "Mtu amepiga simu. Hata mimi napigiwa simu kila siku naambiwa nimeshinda gari."

Nikasema matanga ni watu walioketi chini kwenye mkeka, si maiti. Akaangalia saa.

"Dakika kumi, madam. Waburudishe wageni, halafu warudi kwenye mkeka wao. Mkeka hautakimbia."

Nilitoka nje. Na kilichoniuma, pamoja na hayo mengine yote, ni lile neno. Kuburudisha. Nimelijua tangu nikiwa mtoto na lilikuwa neno zuri.

Mimi nimelelewa Lodwar. Baba alikuwa karani wa serikali, akahamishiwa Turkana tukiwa wadogo, na alipokufa, mama hakurudi Kakamega. Alibaki hapo mtaani Nawoitorong na cherehani yake, anashona yunifomu za shule. Lodwar ni joto ambalo huwezi kumweleza mtu wa Kakamega akaelewa. Mgeni akitoka Kitale alikuwa anashuka kwenye basi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, midomo imepasuka, hawezi hata kusalimia vizuri. Na mama, hata kabla ya kumwambia karibu, alikuwa anapiga kelele kutoka kwenye cherehani: "Mburudishe mgeni kwanza!"

Ilikuwa kazi yangu. Tulikuwa na jerikeni tuliyoifunga gunia lililoloweshwa maji, tukaining'iniza kivulini upepo upite. Hiyo ndiyo friji yetu. Nilimpa mgeni kikombe, nikammwagia maji mengine mikononi anawe uso, na mpaka amalize hakuna mtu alimuuliza ametoka wapi wala amekuja kwa nini. Majirani zetu Waturkana walikuwa hivyo hivyo. Ejok, ejok, ndiyo salamu yao, halafu maji, au maziwa kama mbuzi wana maziwa, halafu ukimya mrefu. Kulikuwa na bibi mmoja aliyetoka Namoruputh kuishi na mwanawe karibu nasi. Siku moja nilimuuliza mgeni wake atakaa mpaka lini, na yule bibi alinipiga kofi la mgongo. Hakunichukia. Alinipiga kama mtu anayemtoa mtoto karibu na moto.

Nilipoenda sekondari, burudani ikawa enta. Jumamosi jioni tulifungiwa ukumbini, televisheni moja juu ya meza, wasichana wa vidato vya chini wanakaa sakafuni, na wavulana wa shule jirani wakija tulipigana kwa sababu ya kioo. Sikuona ubaya. Nilidhani neno limekua tu kama mimi.

Halafu mwaka wa 2012 ukaja, na mafuta yakapatikana ardhini Turkana. Hayakutufikia sisi, lakini habari zake zilifika, na magari. Magari meupe, magari ya kukodi, watu wenye buti safi. Kila mtu mwenye ploti Lodwar alipaka ukuta rangi na kuandika Vyakula, Malazi, Burudani. Mama aliniambia nisipite mbele ya kuta hizo giza likiingia. Kulikuwa na wasichana niliosoma nao walioingia humo. Siku moja mama alikuwa na wateja wawili, vijana, wamekuja kupunguziwa suruali, na kwa mazoea yake akaniita: "Wewe, mburudishe mgeni!" Wale vijana walitazamana wakacheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mama alikata uzi kwa meno. Sijamsikia akilitumia hilo neno tena mpaka leo. Sasa husema tu, lete maji.

Kampeni za uchaguzi zilipoanza, malori yalikuwa yanachukua vijana wa edonga. Edonga ni ngoma ya Waturkana, ya kuruka. Nimeiona inavyochezwa kwao wenyewe: jioni, mvua imenyesha, mbuzi wameshiba, na hakuna aliyeitwa. Msichana anamchagua anayemtaka. Lakini hawa walipangwa mstari uwanja wa ndege saa sita mchana, mchanga unachoma, wakaruka wakimsubiri mtu fulani, na yule mtu alishuka, akapunga mkono, akaingia kwenye gari. Gari lilipoondoka bado walikuwa wanaruka. Hakuna aliyewaambia waache.

Nayaandika haya ili ijulikane kwamba nilipopata kazi Kakuma sikuwa mjinga. Nilikuwa na matokeo ya kidato cha nne yasiyotosha chuo, na mama alikuwa amechoka kunilisha. Shirika lilikuwa dogo, na kazi yangu ilikuwa wageni: kuwapokea, kuhakikisha kuna viti na hema, na kuhakikisha kuna burudani. Hilo lilikuwa kwenye kila programu, baada ya maombi na kabla ya hotuba. Kakuma kuna watu wa kila nchi, na bosi alizungumza juu yao kama mtu anayeagiza hotelini. "Leo lete ngoma za Warundi. Kesho kwaya ya Wakongo. Hawa wa Ijumaa ni watu wa kanisa, wapelekee mama wa Sudani."

Mama wa Sudani ndiye huyo aliyefiwa. Alikuwa na kibanda cha chai sokoni, ya tangawizi nyingi, na alikuwa kiongozi wa kina mama wa kanisa lao, wale wanaoimba na ngoma na misalaba ya mbao mikononi. Nilianza kunywa chai kwake kwa sababu ya kazi, nikaendelea kwa sababu yake. Kiswahili chake alikiokota hapo kambini na hakikumzuia kusema chochote.

"Wewe, ya bit," alikuwa ananiita hivyo, yaani msichana. "Mgeni yako iko na ugonjwa gani?"

"Kwa nini, mama?"

"Mimi nabeba chai mpaka uwanja. Sukari nakopa. Vikombe naosha na majivu mpaka naona uso yangu. Mgeni nasema asante, natoa chupa yake kwa begi, nakunywa maji yake. Mgeni gani nakuja na maji?"

Kina mama wengine walicheka. Mmoja akasema labda wameambiwa sisi ni wachawi. Yeye hakucheka.

"Kwetu mtu akikataa chai yako, nasema iko na kesi na wewe. Mimi sina kesi na hawa. Nacheza, wananiangalia. Nawapa chai, hawataki. Sasa nani mgeni, nani mwenyeji? Nieleze, wewe umesoma."

Nikasema nitamuuliza bosi. Alinicheka mwaka mzima kwa hilo. Kila nikifika kibandani: "Ya bit, bosi najibu?"

Habari ya mtoto wake ilipokuja nilikuwa sokoni. Sikusikia simu, nilisikia sauti yake tu, na mtu hahitaji kutafsiriwa sauti ile. Kabla ya jioni walikuwa wametandika mikeka mbele ya nyumba yake na kibanda kilifungwa. Matanga yao wanayaita bika, yaani kilio. Alikatwa nywele zote, akavuliwa shanga, akakaa chini na hakutakiwa kufanya kazi yoyote. Watu walikuja mmoja mmoja, wakalia naye kwanza, halafu wakakaa. Safari hii yeye ndiye alipewa chai. Jirani zake waliipika na kuigawa, kwake na kwa kila aliyekuja, na hakuna aliyeikataa, hata mzee mmoja Msomali wa duka la unga alikunywa yake yote amechuchumaa. Nilikaa hapo mpaka miguu ikafa ganzi. Niliona ndiyo mara ya kwanza tangu nifike Kakuma naona wageni na wenyeji wakifanya kile wanachopaswa.

Na wageni wa ofisi walikuwa wanakuja. Hao ndio niliokuwa nabishana na bosi juu yao. Niliomba apeleke Warundi badala ya kina mama. Akasema wageni hawa waliona picha za kina mama wa misalaba na wanataka hao hao.

Nilirudi kwenye mkeka nikiwa nimekusudia kuwaambia wakatae. Sikufika mbali. Mama mmoja, mnene, mpiga ngoma wao, aliniuliza swali moja tu: "Tukikataa, kadi?"

Alimaanisha kadi ya mgao, ya chakula. Ofisi yetu haikuwa na uhusiano wowote na kadi. Niliwaambia hivyo. Wakaniangalia kama wanavyomwangalia mtoto. Bosi hakuwahi kusema kwamba atamgusa mtu kadi, na hakuhitaji kusema. Alikuwa na gari, redio ya mkononi na orodha ya majina, na kambini mtu mwenye vitu hivyo hakatazwi kitu.

Waliongea kwa lugha yao muda mrefu. Halafu yule mama mfiwa mwenyewe akainua kichwa.

"Nakwenda," alisema.

"Mama, hapana. Wewe hata hutakiwi kusimama."

"Nakwenda, lakini hatuchezi. Tutapeleka bika yetu huko. Hii hii. Kichwa hii, bila shanga, na wimbo ya kilio. Mtu ni mtu, ya bit. Mtu akiona mama nalia, nanyamaza. Hata mnyama. Wataona, watasema maalesh, pole mama, watatuacha turudi."

Wengine wakaitikia. Na mimi niliitikia. Nilirudi nyumbani nikiwa karibu na furaha. Nilijiambia wataona aibu, na bosi ataona aibu mbele yao. Sikufikiria kabisa kwamba kilio kinaweza kisijulikane. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria.

Kesho yake upepo ulikuwa ule wa Kakuma unaorusha mchanga kama mtu anayepepeta. Tulifunga hema kwa mawe. Wageni walikaa kwenye viti vya plastiki na chupa zao za maji. Walikuwa watu wazuri, lazima niseme. Walisalimia kila mtu, mmoja alijua kusema habari yako. Maombi yakaombwa. Bosi akachukua maikrofoni na kutangaza burudani kutoka kwa kina mama wetu.

Walikuja wakitokea upande wa miti ya mathenge, mstari mmoja, polepole. Wote walikuwa wamefunga lawa, kile kitambaa cha begani, lakini nyeusi. Misalaba ilikuwa imefungwa vitambaa vyeusi. Ngoma ilipigwa kwa nafasi, pigo, kimya, pigo. Yeye alikuwa katikati, kichwa kimenyolewa, shingo tupu. Walipoanza kuimba nywele zilinisimama. Nilimtazama bosi, nikaona amekunja uso. Nikajua kwamba yeye ameelewa.

Halafu wageni wakaanza kupiga makofi.

Walianza wawili, wakifuata ngoma. Halafu safu yote ya mbele. Pigo, kofi, pigo, kofi. Zile nafasi za kimya, ambazo zilikuwa za marehemu, walizijaza. Mpiga ngoma alichanganyikiwa, akaongeza mwendo kidogo, kama mtu anayesukumwa mgongoni. Mwanamke mmoja mgeni, mwenye kofia kubwa, alivua viatu akaingia kwenye mstari wao, akaanza kuyumba anavyowaona wakiyumba, na akawaita wenzake kwa mkono waje. Wenzake wakacheka wakainua simu.

Nilimwendea mgeni aliyekuwa karibu nami, mwanamume wa makamo aliyekuwa anapiga picha. Nilimwambia kwa Kiingereza changu chote kwamba huu ni msiba, kwamba kuna mtu amekufa.

"Ah," akasema, na akashusha kamera kwa heshima. "Kwa hivyo wimbo unahusu kifo?"

"Mtoto wake amekufa. Yule wa katikati. Mtoto wake."

"Unamhusu mtoto," akasema, akitikisa kichwa polepole. "Unahisi kabisa. Huhitaji kujua lugha." Na akainua kamera tena.

Wakati huo mama akaanguka. Magoti yalikunjika, akashika mchanga kwa mikono miwili akajimwagia kichwani, na akamwita mwanawe kwa jina. Wale wenzake wakamzunguka wakilia kweli kweli. Na wageni wakasimama. Nilidhani sasa, sasa wameona. Walisimama ili wapige makofi vizuri.

"Burudani hiyo!" bosi alisema kwenye maikrofoni. Sauti yake ilikwama kidogo, naapa niliisikia ikikwama, halafu ikapita. "Wapigieni makofi ya kilo!"

Makofi ya kilo yakapigwa.

Mwanamke wa kofia alimsaidia mama kuinuka, akampangusa mchanga mabegani, akamkumbatia, na wakapigwa picha pamoja. "Asante sana," alimwambia, kwa Kiswahili.

"Karibu," mama akajibu.

Alisema hivyo kwa sababu ndivyo mtu hujibu. Nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake na sikufanya lolote, nilishika ile programu yangu.

Walipokwisha kuondoka bosi aliniita. Hakuwa anacheka tena, lakini macho yake yalikuwa yanang'aa kwa namna ambayo sikuipenda.

"Wamelia," alisema. "Umeona yule mzee? Amelia. Kesho kuna wageni wakubwa zaidi Lodwar, kabla ya ndege yao, na hawa wa leo wamesema lazima wenzao waone kitu hiki. Lori litakuwa kambini alfajiri. Waambie kina mama wawe tayari. Na yule wa kuanguka awe mbele, leo alikuwa katikati ya wenzake, wengine hawakuona."

"Bosi, ile si sehemu ya ngoma."

"Najua."

"Alianguka kwa sababu mtoto wake amekufa."

"Basi kesho atakuwa bado amekufa," alisema.

Aliangalia dirishani. Baadaye akaniambia kwa sauti ya chini, kama kaka, kwamba mkataba wa ofisi unaisha, kwamba hao wageni ndio wataamua kama itaendelea, kwamba yeye ana watoto shuleni Thika na mimi nina mama Lodwar. "Hii ofisi ikifungwa," alisema, "nani atabaki hapa kumwonea huyo mama huruma? Wewe?"

Nilimpigia mama yangu simu nikiwa njiani. Nilimweleza yote. Nilitaka aseme acha kazi, rudi nyumbani.

"Wewe usimwage unga," alisema. Cherehani ilikuwa inalia nyuma. "Baba yako kaburi lake halijakauka nilikuwa nashona. Unafikiri nilitaka? Mtoto wa mwenzio alitaka yunifomu."

"Mama, ulipokuwa unashona, kuna mtu alikaa kwenye kiti akakupigia makofi?"

Cherehani ilinyamaza.

"Ukija Lodwar kesho na hao watu," akasema, "pitia hapa ule." Na akakata. Nilikasirika naye sana. Nilitaka aseme jambo, na yeye aliniambia nile.

Jua lilikuwa linashuka nilipofika kwenye mikeka. Watu walikuwa wachache kuliko jana. Habari ya uwanjani ilikuwa imezunguka kambi yote, na wengine nadhani hawakujua tena kama hii bado ni bika au imeshakuwa kitu kingine. Jirani mmoja alinipa chai. Mama alikuwa amekaa mahali pake, mchanga bado kwenye kichwa chake, hajaupangusa.

Nikawaambia juu ya Lodwar. Nilitegemea wapige kelele. Mpiga ngoma aliuliza tu kama lori litakuwa na turubai ya kuzuia jua.

"Msiende," nikasema. "Mama, usiende. Tafadhali."

"Wewe nakataa kwa mdomo," alisema bila hasira. "Mdomo yako iko na nyumba Lodwar. Mimi iko na wajukuu hapa."

"Kadi hazitaguswa, nimekuambia."

"Umeniambia. Na mimi nilikuambia mtu akiona kilio nanyamaza." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Sisi wote naambiana tu, hakuna najua."

Nilianza kulia, na hilo lilinikasirisha pia, kwa sababu matanga hayakuwa yangu. Aliniacha nilie. Halafu akasogea, akaongea taratibu, karibu na sikio langu, wengine wasisikie.

"Leo nilianguka kwa mtoto yangu. Kabisa. Mguu ilikataa. Lakini nikiwa chini nikasikia wanapiga mikono, na kichwa yangu, sijui kwa nini, kichwa nasema, anguka vizuri, mkono iweke hivi. Ya bit, mimi mwenyewe nikajiangalia. Nikamwita mtoto yangu na nikasikia sauti yangu kama ya redio." Aligusa ule mchanga kichwani. "Sasa nimekaa hapa nataka kulia, machozi nakataa. Nangoja mtu apige mikono. Kesho nikianguka tena, itakuwa sina hata kidogo ya kumlilia. Khalas, imekwisha. Watakuwa wamechukua yote."

Sikuwa nimefikiria kwamba jambo hilo linaweza kuchukuliwa. Nilidhani wanaweza kuchukua muda wake, heshima yake, nguvu zake. Lakini kilio chake kwa mtoto ambaye hakumuona akizikwa, hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho cha yule mtoto, maana hata kaburi hana. Na mimi ndiye niliyekuwa nimewekwa kazini kukisafirisha mpaka Lodwar.

"Na ukibaki?" nikamuuliza. "Ukikaa hapa kwenye mkeka kesho, na lori lisije?"

"Lori nakuja. Lori ya ofisi nakuja siku zote."

"Lakini lisipokuja?"

"Labda nalia," alisema. "Sijui."

Nilikaa nao mpaka chai ikaisha. Nilipoinuka hakuna aliyeniuliza nakwenda wapi. Njiani nilijaribu kujipa matumaini, sikupata. Nilijua bosi atapata kina mama wengine, Kakuma haikosi kina mama wenye ngoma, na kama hakuna msiba watauigiza. Nilijua nitakosa kazi na sitapata nyingine, na mama atashona peke yake, na huenda yule mama asilie hata baada ya hayo yote. Nilijua pia kwamba nikiwaachia wao kukataa, hawatakataa, kwa sababu ya kadi ambayo hakuna mtu amewahi kuitaja.

Kwa hivyo niliamua kwamba alfajiri nitakuwa nimetangulia, nimesimama pale lori linapokata kona kuingia upande wao, kabla mikeka haijasikia injini. Nitamwambia dereva kwamba kina mama walikuwa tayari na mimi ndiye niliyewazuia. Nitaandika hivyo kwenye karatasi yake ya safari, na jina langu lote na sahihi, ili bosi asiwe na mtu mwingine wa kuuliza. Halafu nitampa kitambulisho changu cha ofisi ampelekee, na asipogeuza gari nitakaa chini mbele yake, barabarani, mpaka ageuze.